Wanaimba Neno Moja, Hawajibizani

Hotuba kwa wanafunzi wa muziki na wapenzi wa taarab, Unguja

Assalamu alaykum. Wazee wangu, mabibi na mabwana, na nyinyi vijana mliokuja na ala zenu, ahsanteni kwa kufika.

Nimetakiwa nizungumze juu ya nyimbo za mapenzi na majonzi za Uturuki, hasa zile za watu wawili, mwanamume na mwanamke, ambazo Waturuki wenyewe huziweka katika fungu la alternatif: gitaa, piano, ngoma chache, sauti isiyopigishwa kelele, na mashairi mazito. Hapa kwetu nyimbo hizi hazikuja kwa mlango wa tamasha. Zimekuja na tamthilia za Kituruki za televisheni. Wahusika tunawasikia wakisema Kiswahili, maana wametiwa sauti, lakini wimbo wa nyuma huachwa kama ulivyo. Mtu anakuwa na kazi zake nyumbani, anazisikia sauti mbili za Kituruki, haelewi hata neno, na anaiacha kazi. Kijana naye anautafuta wimbo ule kwenye simu, akiupata haulali. Wanafunzi wangu wengi wameniuliza swali moja: mwalimu, mbona nyimbo hizi zinaumiza, na sisi hatujui wanasema nini?

Wako wanaojibu kwamba ni sauti nzuri tu. Wengine husema ni maqam, yaani ule mpangilio wa ngazi za sauti ambao wimbo hujengwa juu yake. Maqam imo, nami nitaifikia. Lakini jibu langu ni hili: wale wawili hawajibizani. Sikilizeni kwa makini. Mara nyingi mwanamume ana ubeti wake, mwanamke ana ubeti wake, na wakikutana kwenye kiitikio wanaimba neno lile lile kwa sauti ile ile, mmoja chini, mmoja juu. Hakuna anayemuuliza mwenzake. Hakuna anayesema "nimekusikia". Kila mmoja ana msiba wake, na msiba wenyewe ni mmoja. Hapo ndipo panapochoma, na jambo hili halikuzuka jana studio. Lina asili, tena zaidi ya moja.

Asili ya kwanza ni ya muziki wenyewe. Muziki wa kale wa Uturuki, ule wa majumba ya masultani na wa masufi, pamoja na ule wa vijijini, umejengwa juu ya mstari mmoja wa sauti. Watu wakikaa kupiga fasıl, yaani mfululizo wa vipande vya maqam moja, wote wanafuata njia moja: ney, kanun, ud, tanbur, kemençe na waimbaji. Kila ala inaupamba mstari ule kwa namna yake, hii inatangulia kidogo, ile inachelewa kidogo, lakini njia ni hiyo hiyo. Wazee wa taarab mliomo humu mnalijua jambo hili kwa vidole vyenu. Bashraf, kile kipande cha ala tupu tunachofungulia shughuli zetu, ni ile peşrev ya Waturuki, iliyopitia Misri ikatufikia pamoja na ganuni na udi. Klabu ya Ikhwani Safaa iliundwa mwaka 1905, ikawarithisha vijana wake kupiga hivyo. Ukizisikiliza fidla zake hazigawanywi sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu. Zinakwenda pamoja.

Sasa, desturi ya Ulaya ya kuimba wawili inataka mmoja ashike wimbo, na mwenzake apande ngazi ya tatu juu yake, ili zile sauti zishikane na zitoe utulivu. Maqam inagoma. Nadharia inayofundishwa Uturuki huigawa sauti nzima moja katika vipande 9 vinavyoitwa koma, na piano huigawa sauti hiyo hiyo vipande 2 tu. Katika maqam nyingi ile ngazi ambayo Mzungu angeitaka haikai mahali pa piano; iko juu kidogo, au chini kidogo. Ukimweka mwimbaji wa pili hapo, ama ataiharibu maqam, ama ataharibu upatanifu. Kemal İlerici, mtunzi na mwalimu aliyefariki mwaka 1986, alitafuta upatanifu utakaoiheshimu maqam, akaziacha ngazi za tatu akajenga kwa ngazi za nne. Wako waliomfuata. Waimbaji wengi, hata hivyo, walibaki na njia fupi na ya kale zaidi: wote wawili waimbe mstari mmoja kwa oktava, yaani sauti zile zile zikiwa ngazi nane mbali, mwanamume oktava ya chini, mwanamke oktava ya juu.

Tazameni matokeo yake. Wapenzi wa wimbo wa Kizungu wakifika kwenye kiitikio, sauti zao hukamilishana. Wapenzi wa wimbo wa Kituruki wanafanana, lakini hawakamilishani. Baina yao kuna oktava nzima iliyo tupu, na hakuna sauti ya tatu inayokuja kuijaza. Masikio ya msikilizaji yanakaa katika ule utupu. Hayahitaji kujua Kituruki ili kuusikia.

Watu wa alternatif wameirithi tabia hii hata wanapotumia gitaa la kawaida, na gitaa la kawaida ni mtihani, kwa sababu vile vyuma vya shingoni mwake vinalazimisha sauti 12 katika oktava, basi. Ndiyo maana mwaka 1976 Erkan Oğur alitengeneza gitaa lisilo na vyuma hivyo, ili kidole kiteleze mpaka kwenye koma anayoitaka. Mwaka 1998 yeye na İsmail Hakkı Demircioğlu walitoa albamu ya nyimbo za Anatolia, Gülün Kokusu Vardı. Ni wanaume wawili, na madukani hawawekwi kwenye fungu la alternatif. Hata hivyo mimi naamini mengi yaliyofuata yamejifunza kutoka kwao. Mwimbaji wa kijijini hutupa sauti mpaka ng'ambo ya bonde. Hawa wawili wanaimba chini chini, karibu na kunong'ona, kwenye mstari mmoja, hakuna anayempita mwenzake, na ala zao zinaacha nafasi kubwa kati ya pigo na pigo. Vijana mnaoimba, anzeni hapo. Msianze na nyimbo za tamthilia.

Asili ya pili ni ya washairi, na hapa nitakaa kidogo.

Anatolia ina watunzi wanaoitwa âşık, watu wa kupiga saz, ala ya nyuzi yenye shingo ndefu, na kutunga papo kwa papo. UNESCO iliutambua utamaduni wao mwaka 2009. Anayejulikana kuliko wote katika karne iliyopita ni Âşık Veysel wa Sivas, aliyezaliwa mwaka 1894, akapofuka utotoni kwa ndui, akafariki mwaka 1973. Washairi wa pwani mkikaa na watu hawa mtaelewana haraka. Wanapima mizani, mara nyingi 8 au 11 kwa mshororo, na katika ubeti wa mwisho mtunzi hulitaja jina lake, kama wafanyavyo malenga wetu. Wanayo pia malumbano. Wawili wanakaa uso kwa uso mbele ya watu, wanapewa kina, kisha wanatupiana beti mpaka mmoja aishiwe. Kuna namna moja ngumu mno: kila mmoja husimamisha pini baina ya mdomo wa juu na wa chini, akatunga na kuimba bila kutumia herufi yoyote inayokutanisha midomo. Akiteleza akasema b, m au p, pini inamchoma, na watu wote wanajua ameshindwa.

Nayasimulia haya kwa sababu moja. Waturuki wanajua kujibizana, tena kwa ustadi ambao sijui wengi wanaoufikia. Hata katika nyimbo zao za vijijini ziko za mvulana na msichana wanaoulizana na kujibiana, na nyingi katika hizo ni za utani na uchokozi. Kwa hiyo wanapoacha kujibizana katika wimbo wa huzuni, si kwamba hawajui. Wakitaka mchezo, hujibizana. Wakitaka kulia, kila mmoja huliimba neno la mwenzake akiwa peke yake.

Hadithi inayolionyesha jambo hili ni ya Kerem na Aslı, ambayo âşık wameisimulia vizazi na vizazi, kutoka Azerbaijan mpaka ndani ya Anatolia. Masimulizi yake yanatofautiana. Katika mengi, Kerem ni mtoto wa mtawala Mwislamu, na Aslı ni binti wa padri wa Kiarmenia. Wanapendana. Padri hataki, anamchukua binti yake usiku, anakimbia naye mji hadi mji. Kerem anachukua saz yake, anatoka na rafiki yake Sofu, anamfuata. Kila anapopita anaimba: anauuliza mlima kama Aslı amepita, anauuliza mto, anawauliza korongo angani. Mlima haujibu. Mto haujibu. Sehemu kubwa ya hadithi ni hiyo, mtu anayeuliza vitu visivyojibu.

Akifika Kayseri anasikia kwamba mama yake Aslı hung'oa watu meno. Kerem anakwenda, anasema jino linamuuma. Mama anamwambia alaze kichwa mapajani mwa binti yake ili amfanyie kazi. Kerem analaza kichwa, na ili asikiondoe, anasema si jino lile, ni la pili yake. Linang'olewa. Si hilo, ni la tatu. Anaendelea hivyo mpaka kinywa chote kinakuwa kitupu. Katika muda wote huo Kerem na Aslı hawasemezani, maana mama yupo. Yuko mapajani mwa mpenzi wake, kinywa kimejaa damu, na neno la mapenzi haliwezi kusemwa. Nimeyasikiliza mashairi mengi ya mapenzi maishani mwangu, ya kwetu na ya watu wengine, na sijakutana na picha inayonishinda kama hiyo.

Mwisho wake mnaweza kuukisia. Huko Aleppo mkuu wa mji anamlazimisha padri akubali ndoa. Padri anamshonea binti yake vazi lenye vifungo vya uchawi. Usiku wa harusi Kerem anavifungua kutoka juu hadi chini, akifika cha mwisho vyote vinajifunga tena. Anavifungua mpaka karibu na alfajiri. Ndipo anapotoa pumzi moja ya uchungu, moto unatoka kinywani mwake, anaungua, anakuwa majivu. Aslı anainama kuyakusanya majivu kwa nywele zake, cheche iliyobaki ndani yake inazishika nywele, naye anaungua. Majivu yanachanganyika.

Sasa nisikilizeni, wanamuziki. Anayesimulia hadithi hii ni mtu mmoja. Âşık anaeleza kisa kwa maneno ya kawaida, na kila pakiwa na uchungu anachukua saz na kuimba. Anaimba beti za Kerem, anaimba beti za Aslı, kwa koo moja na kwa saz moja. Watu walioketi wanazisikia sauti mbili katika kinywa cha mtu mmoja. Wimbo wa wawili wa leo umeigawa koo ile moja ikawa mbili, ukampa mwanamume na mwanamke, lakini maneno yamebaki ya mtu mmoja. Ndiyo maana hawajibizani. Tangu mwanzo walikuwa wakiimbwa na pumzi moja.

Asili ya tatu ni ya historia, nayo inatuhusu zaidi kuliko tunavyodhani.

Mwezi wa Novemba 1934 serikali ya jamhuri ya Uturuki iliuondoa muziki wa kale kwenye redio, ili watu wazoee muziki wa namna ya Ulaya. Marufuku ile ilidumu mpaka mwaka 1936. Wenye redio walifanya nini? Waliizungusha sindano mpaka Cairo. Mwaka 1938 filamu ya Kimisri ya mwimbaji na mtunzi Mohammed Abdel Wahab, ambayo jina lake ni machozi ya mapenzi, ilioneshwa Istanbul na watu walifurika. Filamu za Misri zikawa nyingi, nyimbo zake zikatungiwa maneno na sauti mpya za Kituruki, na mtu aliyefanya kazi kubwa hapo ni Sadettin Kaynak, hafidhi wa Kurani na mtunzi. Abdel Wahab yule yule, na Umm Kulthum, walikuwa wakiingia Unguja kwa santuri na kwa filamu, na wapiga fidla wetu wakiwasikiliza kwa makini. Mpiga ud wa Istanbul na mpiga udi wa Malindi ya hapa Unguja walikuwa na mwalimu mmoja bila kujuana. Kwa hiyo kijana wa Kizanzibari anapoguswa na wimbo wa Kituruki asione haya, wala asidhani ameiga mambo ya televisheni. Masikio yake yalishafundishwa na babu yake.

Kuanzia miaka ya 1950 watu wa vijijini walihamia Istanbul na miji mingine kwa wingi, wakajenga vibanda usiku mmoja pembezoni mwa mji. Katika mitaa hiyo ukazaliwa muziki ulioitwa arabesk, wa fidla nyingi na uchungu mwingi. Orhan Gencebay ndiye aliyeufungulia njia mwishoni mwa miaka ya 1960. Shirika la utangazaji la taifa, TRT, liliufungia mlango, wasomi waliudharau, nao ukasafiri kwa kaseti ndani ya daladala za kule, ziitwazo dolmuş. Müslüm Gürses, mzaliwa wa Urfa aliyekulia Adana, alipendwa kiasi cha wasikilizaji wake kujikata kwa nyembe kwenye maonyesho yake. Silisifu jambo hilo. Nalitaja ili mjue uzito wa huzuni iliyokuwa ikibebwa na watu ambao redio ya taifa iliwanyima nafasi.

Na hapa lazima nimtaje Bergen, kwa sababu tunapozungumzia sauti ya mwanamke katika nyimbo hizi hatuzungumzii pambo. Alikuwa mwimbaji wa arabesk. Mwaka 1982 mumewe alipanga amwagiwe tindikali usoni, akapoteza jicho. Akarudi jukwaani, akaendelea kuimba. Mwaka 1989 mtu huyo huyo akamuua kwa risasi. Mwanamke anayesimama leo kwenye maikrofoni Istanbul, akaimba mstari ule ule anaouimba mwanamume, kwa uzito ule ule, amesimama mahali palipolipiwa.

Vijana wa roki wa miaka ya 1990 hawakuwa watu wa arabesk. Walisoma vyuo vikuu, walipiga magitaa ya umeme katika vilabu vya Beyoğlu, mtaa wa Istanbul. Şebnem Ferah, mzaliwa wa Yalova wa mwaka 1972, alianza na bendi ya wasichana watupu, Volvox, kisha mwaka 1996 akatoa albamu yake ya kwanza, Kadın. Teoman alitokea miaka ile ile, sauti nzito iliyochoka. Hawa wawili wameimba pamoja wimbo uitwao İki Yabancı, yaani wageni wawili. Jina tu linatosha kueleza hoja yangu. Kisha mwaka 2002 likatokea jambo ambalo kwangu ni kubwa: Müslüm Gürses, yule wa nyembe na dolmuş, aliuimba wimbo wa Teoman, Paramparça. Mtoto wa chuo kikuu na dereva wa dolmuş wakajikuta wanalia kwa wimbo mmoja. Mwaka 2006 Gürses akatoa albamu nyingine pamoja na mshairi Murathan Mungan, akiimba kwa Kituruki nyimbo za waimbaji wa roki wa Magharibi. Ukuta ukabomoka. Katika miaka hiyo hiyo maNga, bendi ya Ankara ya roki, rapu na sahani za DJ, ilimwita mwimbaji wa kike Göksel waimbe pamoja Dursun Zaman, wakati na usimame. Tangu hapo kuimba wawili kumekuwa jambo la kawaida kwa watu wa alternatif, na wengi wao leo wanapatikana Kadıköy, mtaa wa Istanbul ulio ng'ambo ya pili ya mlango wa bahari.

Orhan Pamuk, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2006, ameandika kwamba majonzi ya Istanbul si ya mtu mmoja mmoja, ni ya mji mzima, watu wanayashiriki kama wanavyoshiriki hali ya hewa. Mimi nakubaliana naye, nikiongeza la mwanamuziki: kama majonzi ni ya wote, wimbo hauna haja ya mtu wa kumfariji mwenzake. Unahitaji mtu wa pili wa kuyasema yale yale.

Hapo najua kuna watakaonipinga. Mzazi mmoja aliniambia kabla ya kikao hiki: mwalimu, unawafundisha watoto kukaa na huzuni, na watoto wa siku hizi huzuni wanayo tayari. Namheshimu kwa kusema, na nataka nimjibu mbele yenu. Tukienda msibani hatuendi kumjibu mfiwa. Hatumwambii hoja zake zina kasoro. Tunakaa kwenye jamvi, naye akisema "ameondoka", nasi tunasema "ameondoka". Neno lile lile, mara ngapi, kutwa nzima. Mfiwa anapata nguvu kwa sababu neno lake limetoka katika kinywa kingine. Wimbo wa wawili wa Kituruki unafanya kazi hiyo kwa mtu aliyeachwa, kwa mtu aliye mbali na anayempenda, kwa mtu ambaye hana wa kumwambia. Mtoto mwenye huzuni akiupata wimbo kama huo amepata mtu wa kukaa naye kwenye jamvi. Ninayemwogopea ni yule anayepewa nyimbo za kumtaka acheke tu.

Sasa nije kwetu, kwa sababu sikuja kuwasifia Waturuki tukaishia hapo.

Nyimbo za wawili tunazorekodi sasa, za taarab na za bongofleva, zinanitia wasiwasi. Mara nyingi ni majibizano: wewe uliniacha, la, wewe ndiwe uliyeniacha; rudi, sirudi. Ni mazuri kwenye rusha roho, na malumbano ni urithi wetu, siyakatai. Lakini tumeyafanya kuwa njia pekee. Halafu studio ina programu inayozaa sauti ya pili na ya tatu kwa kubonyeza, na fundi anabonyeza kila kiitikio, hata wimbo ukiwa katika maqam ambayo haivumilii. Nimezisikia sauti nzuri za watoto wetu, zenye koma ndani yake walizozipata kwa kusikiliza kasida na adhana tangu utotoni, zikipigwa pasi na mashine mpaka zikawa bapa. Inaniuma. Naomba, kwa heshima zote, mafundi mliomo humu mwimbaji akiomba msibonyeze, msibonyeze.

Na nyinyi waimbaji, nitawapa kazi. Chukueni ubeti mmoja wa huzuni, wa mizani 16, wa mtunzi yeyote mnayempenda. Mwanamume aimbe ubeti wote, peke yake, chini chini. Mwanamke aimbe ubeti ule ule, maneno yale yale, bila kubadili "wewe" wala "mimi". Msitazamane. Kwenye kiitikio mwimbe pamoja kwa oktava, na mmoja aingie amechelewa kidogo, nusu ya pumzi tu, kama ganuni inavyoiachia fidla itangulie. Mpiga udi asijaze nafasi. Mkono ukikuwasha, uweke juu ya goti.

Mtaona ugumu wake mara moja. Kumjibu mwenzako ni rahisi, kwa sababu anakupa pa kushika. Kuimba neno lake huku ukilihesabu kuwa lako kunataka usikilize koo yake kuliko yako: anapanda koma ngapi kabla ya kituo, anameza wapi, anaachia wapi. Waimbaji wawili wakilipata hilo, hata msikilizaji asiyejua lugha yao atajua kwamba hawa walipendana na kwamba limekwisha.

Kesho baada ya swala ya alasiri tutakutana hapa hapa. Ganuni italetwa, na wazee wawili wa fidla wamekubali kuja. Tutaanza na bashraf, kisha tutasikiliza nyimbo mbili za Oğur na Demircioğlu, halafu kila jozi itaimba ubeti wake. Atakayekosa mwenza nitampangia. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.